Sahani za bibi zenye ukingo wa dhahabu: kuzijua na kuzipangia bei kabla dalali hajapiga hodi

Ndugu zangu wa Tanga, hasa nyie mliorithi makabati ya vioo kule Ngamiani, Chumbageni na Raskazone, hili nimeamua kuliandika kwa urefu mana vyombo vinaondoka majumbani kwa bei ya kusikitisha. Dalali anafika mlangoni, anasema mama nanunua vyombo vya zamani, anatupia jicho zile sahani zenye mstari wa dhahabu, anataja bei ya jumla ya kabati zima na watu wanakubali kwa sababu hawajui wanauza nini. Upande wa pili wapo wanaokataa kuuza hata kikombe kwa kuwa waliambiwa ile ni dhahabu tupu na iko siku itawatoa kimaisha, miaka inapita, seti inapungua moja moja kila shughuli. Wote hao wangekaa na sahani nusu saa tu, wakaipindua wakaisoma, wangejua cha kufanya. Dhahabu yenyewe pale ukingoni thamani yake ni ndogo mno, ila inakuambia mengi kuhusu umri wa chombo na gharama iliyotumika kukitengeneza, na hayo ndo yanayopanga bei.

Tumalize kwanza habari ya dhahabu

Vyombo vingi mtakavyokuta vimepakwa dhahabu ya maji, utaalamu uliopatikana kwenye kiwanda cha Meissen kule Ujerumani karibu na mwaka 1830, kazi ya mkemia Heinrich Gottlob Kühn. Dhahabu inachanganywa kwenye mafuta, fundi anaipaka kwa brashi, chombo kinaingia tanuruni, mafuta yanaungua na inabaki ngozi nyembamba inayong'aa hapo hapo bila kusuguliwa. Sasa hiyo ngozi unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya maikroni, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chukua sahani kubwa ya sentimita 27 yenye mstari wa milimita 3, piga hesabu, unapata kama miligramu 5 za dhahabu. Sahani 12 ukijumlisha hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Afu kuitoa inataka asidi kali zinazopofua macho na kuunguza mapafu, kwahiyo mtu akikwambia ananunua kwa ajili ya kuyeyusha, ama hajui ama anakutengenezea hadithi ili asitaje anachokiona kweli. Hata maandishi ya 22 karat, ambayo yapo sana kwenye vyombo vya Marekani vya katikati ya karne iliyopita, yanaeleza ubora wa hiyo dhahabu, wingi wake hauongezeki kwa kuandikwa.

Hatua ya kwanza: osha, lakini kwa adabu

Tandika taulo ndani ya karai, maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, kitambaa laini, sahani moja moja. Stilwaya weka mbali, na majivu, na mchanga, na Jiki pia, mana Jiki inaingia kwenye vinyufa ikakwangua glezi, ile ngozi ya kioo ya juu, na dhahabu inaondoka nayo. Usiloweke usiku kucha. Dhahabu ikishafutika hairudi na kila sentimita inayofutika ni pesa, nawaomba sana kwenye hili muwe wakali hata kwa wasaidizi wa nyumbani na vijana wanaosaidia kuosha vyombo baada ya shughuli.

Hatua ya pili: jua ni udongo gani

Zima taa, washa tochi ya simu nyuma ya sahani, pitisha kiganja kati ya tochi na sahani. Ukiona kivuli cha vidole vyako na mwanga ni wa weupe wa maziwa unaoelekea njano kidogo, hiyo ni kauri ya jivu la mifupa, chini mara nyingi wameandika Bone China, Waingereza ndo mabingwa wake na karibu nusu ya mchanganyiko ni jivu la mifupa ya ng'ombe. Kivuli kikionekana lakini mwanga umepoa kuelekea kijivu au bluu, hiyo ni kauri ngumu ya aina ya Ujerumani, Chekoslovakia, Limoges ya Ufaransa, Japani au China. Mwanga usipopita kabisa basi ni udongo wa kawaida uliopakwa glezi, ni mzito, mnene, na mara nyingi una vinyufa vidogo vidogo vya ndani.

Kisha isimamishe kwenye ncha za vidole, igonge kwa kucha. Kauri nzima inalia kwa mlio mrefu, udongo unatoa kishindo kifupi, na kauri inayotoa kishindo ina ufa mahali. Mwisho lowesha kidole, gusa kitako pale pasipo na glezi, udongo unanyonya maji unaacha doa, kauri hainyonyi.

Kuna vyombo vyeupe vinavyong'aa, vyepesi, vingine vina mstari wa dhahabu na maua, vimejaa sana majumbani kwetu, chini vimeandikwa Arcopal France. Hivyo ni kioo, vilianza kutengenezwa mwaka 1958. Ni vizuri, vinadumu, lakini usiviweke kapu moja na kauri unapopanga bei.

Hatua ya tatu: soma mhuri wa chini

Hapa ndo penye utamu, na hapa nataka mkae. Piga picha ya mhuri kwa simu ukiwa barazani asubuhi, jua lisipige moja kwa moja, ikuze picha na uandike kila herufi unayoiona hata kama huielewi, na kila namba, hata zile zilizoandikwa kwa mkono na rangi ya dhahabu mana mara nyingi ni namba ya dizaini au alama ya fundi aliyepaka.

Anza na jina la nchi. Kuanzia mwaka 1891 Marekani ilitaka bidhaa zote zinazoingia kwao ziandikwe nchi zinakotoka, viwanda vikubwa vikaona bora waandike kwenye kila kitu. Kwahiyo chombo chenye neno England peke yake kwa kawaida ni cha baada ya hapo, na Made in England mara nyingi ni cha karne ya 20. Kisicho na nchi kabisa kinaweza kuwa cha kabla ya 1891, lakini usishangilie haraka, vingine havikuandikwa tu. Kwenye vya Uingereza tafuta pia Rd No na namba mbele yake, huo ni usajili wa dizaini ulioanza mwaka 1884 kwa namba 1, na kufika mwanzo wa 1900 namba zilikuwa zimefika 351202. Namba ikiwa chini ya hiyo, dizaini yako imesajiliwa karne ya 19. Ila inakwambia dizaini ilisajiliwa lini, sahani yenyewe inaweza kuwa ilitengenezwa miaka mingi baadae. Ukikuta alama ya almasi yenye herufi kwenye pembe, hiyo ni ya zamani zaidi, 1842 hadi 1883, na hapo tafadhali usiuze kitu mpaka umepata maoni zaidi ya moja.

Sasa Mjerumani. Tanga kila nyumba ina chombo cha enzi za Mjerumani, na wazee wakisema hivyo hatuwabishii, tunakipindua tu taratibu. Waingereza waliuchukua mji huu mwaka 1916, enzi za Mjerumani zikaishia hapo. Mhuri ukisoma Western Germany au W. Germany hicho chombo ni cha baada ya 1949, pale Ujerumani ilipogawanyika, na kabla ya 1990. US Zone ni ya miaka michache baada ya vita ya pili, kabla ya hiyo 1949. Germany peke yake ndo inaweza kurudi nyuma kufika huko wanakosema wazee. Bavaria ni jimbo lenye viwanda vingi sana, likiwa peke yake na taji juu haliwezi kukupa mwaka, inabidi utafute jina la kiwanda. Na Czechoslovakia, nchi hiyo haikuwepo kabla ya 1918, kwahiyo vile vikombe vidogo vya kahawa vyenye dhahabu hadi ndani, vikiwa na jina hilo, vimetoka baada ya hapo na kabla ya nchi kugawanyika mwisho wa 1992.

Japani ni rahisi kidogo. Nippon ni ya kuanzia 1891 hadi 1921, baada ya hapo Japan au Made in Japan, na Occupied Japan ni miaka ya baada ya vita hadi 1952, hiyo ina watu wanaoikusanya maalumu. Kiwanda cha Noritake kilianza 1904 na seti yao ya kwanza kamili ya chakula ilitoka 1914. Mhuri wenye M ndani ya shada la majani ni wa zamani, M ya Morimura waanzilishi, wenye N ulikuja baada ya vita.

Kwenye nyumba za zamani za mwambao mtakuta pia bakuli na sahani za Maastricht, Uholanzi, jina Petrus Regout, kiwanda kilichoanza 1836, nyingine zina picha ya yule mnyama wa Misri mwenye kichwa cha mtu. Hizo ni za udongo, nyingi zina michoro ya rangi tu, dhahabu hazina, na wapo watu wanaozitaka sana kwa sababu zilisafirishwa kuja huku na ndo zilizokaa kwenye zidaka za mabibi zetu. Ukikuta kitundu kimetobolewa kwenye kitako, kilikuwa cha kamba ya kuning'inizia ukutani, ni sehemu ya historia yake, kitaje unapouza.

Neno Royal lisiwatishe. Royal Doulton waliruhusiwa kulitumia mwaka 1901, lakini viwanda vingi vimejipa majina ya kifalme na mataji bila kuwa na lolote na ikulu. Ukiona dishwasher safe au microwave safe jua umeshika chombo cha nusu ya pili ya karne ya 20 au cha juzi kabisa, hata kama kimechorwa kizamani.

Na zile sahani za mawaridi mekundu na ya njano zenye ukingo wa dhahabu, Royal Albert, dizaini ya Old Country Roses, nazitaja kwa jina kwa sababu maswali ni mengi. Ilitoka 1962 na vimeuzwa vipande zaidi ya milioni 100, kwahiyo ni nzuri, inapendwa, lakini sio adimu. Zenye England chini wanunuzi wanazipenda kuliko za miaka ya 2000 ambazo kazi ilishahamia Indonesia.

Hatua ya nne: iangalie dhahabu kwa karibu

Tumia kamera ya simu ukiikuza, au lenzi ya fundi saa. Dhahabu ya maji inang'aa kama kioo, na ikianza kuchakaa inageuka zambarau hafifu afu inapotea. Dhahabu ya kusuguliwa ni nyingine, inatoka tanuruni ikiwa butu, fundi anaisugua kwa jiwe la akiki hadi inapata mwanga mzito wa ndani, ukipitisha kucha unahisi kama imenyanyuka kidogo na kwenye lenzi unaona mistari midogo ya kusugua. Hii ni ya gharama. Ya tatu ni ile yenye nakshi zilizozama na zilizonyanyuka ndani ya mstari wenyewe, zilizochimbwa kwa asidi, kiwanda cha Minton cha Uingereza kilianza nayo mwaka 1863. Ukikuta ukingo mpana wa namna hiyo, mzima, hapo una kitu.

Angalia pia ilivyochakaa. Dhahabu ya kweli ya zamani inafutika pale mikono na midomo inapogusa, kwenye mshiko wa kikombe na upande wa kunywea, sehemu nyingine inabaki vizuri. Ikiwa imefifia sawasawa duara zima, au kitako hakina mkwaruzo hata mmoja wakati unaambiwa ina miaka 100, muulize muuzaji maswali zaidi.

Hatua ya tano: tafuta majeraha

Fumba macho, pitisha kidole ukingo mzima, pengo dogo linasikika kabla halijaonekana. Afu kaazime ile tochi ya mwanga wa zambarau wanayokagulia noti bandia madukani, zima taa, mulika. Sehemu iliyogundishwa au kupakwa rangi mpya mara nyingi inawaka tofauti na nyingine. Ukiwa unanunua, fanya hivi mbele ya mwenye mali, kwa heshima, hakuna aliyekasirika ukimwambia shikamoo mama, naomba niikague vizuri ili nikupe bei ya haki.

Na ukiwa mbele ya bibi, usianze na bei. Muulize, bibi hizi alikuletea nani, zilikuja mwaka upi, zilitumika kwenye arusi ya nani. Akisema alizileta babu yenu alipokuwa karani kwenye shamba la mkonge, au mjomba aliyekuwa baharia, andika. Maelezo hayo ukiyaweka pamoja na mhuri unaokubaliana nayo yanaongeza bei kwa mnunuzi anayejali, na yasipoongeza bei yatabaki kwa wajukuu. Uliza pia kama kuna sahani iliyokuwa ya kombe, ile ya kuandikia aya kwa zafarani zikaoshwa kwa maji mtu akanywa. Ikiwepo hiyo itoe pembeni, familia nyingi hawataki iuzwe na wana haki, hata kama ndo nzuri kuliko zote.

Hatua ya sita: bei

Anza kwa kupiga picha na kuitafuta kwa Google Lens upate jina la dizaini. Kampuni ya Replacements ya Marekani, iliyoanza 1981, inauza vipande vya kujazia seti na ina picha za dizaini nyingi mno, itumie kutambua, ila bei zao ni za duka lenye stoo na dhamana, usizikopi kama zako. Kwa bei nenda eBay, lile soko la mtandaoni, uchague vilivyokwisha kuuzwa. Mtu yeyote anaweza kuandika dola 2,000 kwenye birika la chai na likakaa hapo mpaka kiama, wewe unataka kujua lililotoka lilitoka kwa ngapi. Chukua mauzo kadhaa ya kitu kile kile, toa la juu kabisa na la chini kabisa, yanayobaki katikati ndo mwongozo.

Kuanzia hapo unakata. Mimi dhahabu ikiwa imefutika mahali panapoonekana nakata nusu, ikiwa na ufa nakata zaidi ya robo tatu hata kama ufa ni mwembamba kama unywele, na pengo la kitakoni lisiloonekana nakata kidogo tu. Tuseme seti kamili ya watu 6 imeuzwa nje kwa thamani ya shilingi 600,000, ya kwako imebaki sahani 4 na mbili zimefutika dhahabu, usiseme nne ni 400,000. Seti ikivunjika inauzwa kipande kimoja kimoja, na sahani za kulia ni nyingi duniani. Vinavyotafutwa ni bakuli la mchuzi likiwa na mfuniko wake, buli, sahani kubwa ya mviringo wa yai, kibakuli cha sukari, kwa sababu ndivyo vinavyovunjika kwanza. Mfuniko peke yake usiutupe, kuna mtu ana bakuli lisilo na mfuniko.

Lazima pia mjue soko la seti za chakula limeshuka kule Ulaya na Marekani, vijana hawataki vyombo visivyoingia kwenye mashine ya kuoshea wala mikrowevu, na vya dhahabu haviingii kote kuwili, mikrowevu inatoa cheche. Halafu kusafirisha kauri kutoka Tanga hadi nje kunaweza kuzidi bei ya chombo. Kwa maoni yangu mnunuzi mzuri yuko karibu, wapambaji wa arusi wanaokodisha meza za kupendeza, wenye nyumba za wageni za mji mkongwe kuanzia hapa na Pangani hadi Unguja, na Watanzania wa nje wanaotaka kitu kinachofanana na cha nyumbani kwao. Hao wapelekee picha za mbele, za mhuri, na za kila kasoro, ukificha ufa wataurudisha mzigo na jina lako litaharibika kabisa.

Vitu viwili vya kuangalia sana

Vile vipande vya bakuli za kichina vya magofu ya Tongoni hapo kusini mwa mji, au vya Kaole kwa ndugu zetu wa Bagamoyo, pale kwenye makaburi ya nguzo yaliyokuwa yamepachikwa bakuli, havigusiwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kuvichimba au kuvipeleka nje bila kibali ni kosa. Akija kijana na mfuko wa vigae kutoka huko, mwambie avirudishe, na hata cha kabatini kwako kikionekana kimevuka mwaka huo uliza kwanza watu wa Mambo ya Kale.

La pili ni afya. Rangi za zamani za juu ya glezi zinaweza kuwa na risasi, yale madini yenye sumu, na uchachu unaitoa. Kwahiyo achari, ukwaju, ndimu na siki visikae kwenye vyombo hivyo, na chai ya ndimu ya kila siku usinywee kikombe cha 1920. Halua, visheti na tende kwa wageni havina shida, chombo kikiwa kizima bila vinyufa.

Ukishauza na mzigo unakwenda kwa basi au boti, sahani zisimame wima ndani ya boksi, kila moja na gazeti lake na tabaka mbili za kitambaa katikati, usizilaze hata kidogo. Wino wa gazeti ukigusa dhahabu unaacha weusi kwahiyo tanguliza karatasi nyeupe. Mifuniko ifungwe peke yake, vikombe visiingizwe kimoja ndani ya kingine, tikisa boksi na ukisikia chochote kinagonga fungua upange upya. Piga picha kila kipande kabla hujafunga, mtumie mnunuzi, akubali kwa maandishi kwamba ndivyo alivyoviona, ndipo umkabidhi kondakta na upate namba ya gari.